Anubiasi Nana: Usiifukie Kwenye Changarawe!

Habari zenu wapenzi wa matangi ya samaki, karibuni tena. Leo mezani nina anubiasi nana, mmea wa kuweka ndani ya tangi, kachungu kamoja tu, na nimekasirika. Mmea wenyewe hauna kosa, naupenda kuliko mwingine wowote humu ndani. Kinachoniudhi ni namna unavyouzwa. Ngoja niwaonyeshe.

Mnaiona hii sufi ya kijivu iliyoshindiliwa kwenye chungu? Naivuta taratibu, nachambua kwa kibano… haya, tazameni. Hili shina nene la kijani lililolala ndilo rizomu. Tangawizi mnayotwanga kwa ajili ya chai nayo ni rizomu, kwa hiyo sura yake si ngeni kwenu. Majani yanatokea juu, mizizi inashuka chini, na lenyewe linatakiwa likae wazi, maji yapite. Hapa limezikwa lote! Halafu muuzaji anakwambia uende ukachimbe kwenye changarawe, uweke, ufukie. Jamani, hapana. Ukilifukia linaoza. Linalainika, linakuwa kahawia, majani yanaanza kung'oka moja moja yakiwa bado ya kijani, na wewe unabaki kubadilisha maji ukidhani tatizo liko huko.

Nabonyeza hapa: gumu. Safi. Huku mwisho… pamelegea, na pananuka. Nachukua wembe mpya, nakata mpaka nifike kwenye sehemu ngumu ya kijani. Msiuonee huruma. Kipande chenye majani matatu au manne kinatosha kuendelea na maisha, kwa hiyo hili lililobaki naligawa mara mbili.

Sasa kulibandika kwenye jiwe, na hapa msiruke mbele. Gundi ni supagluu, lakini ile nzito kama jeli. Ile ya majimaji inatiririka hadi kwenye majani. Nakausha jiwe kwa kitambaa, nafuta rizomu kwa chini, naweka matone mawili juu ya jiwe, nakandamiza. Kile kichipukizi cha mbele sikigusi na gundi, maana jani jipya linatokea hapo. Nahesabu polepole… naachia. Imeshika. Natumbukiza kwenye maji, gundi inageuka nyeupe, msiogope, ndivyo inavyokauka ikikutana na unyevu, na ikishakauka haidhuru samaki. Kama hutaki gundi, funga kwa uzi wa pamba. Utaoza wenyewe baadaye, na kufikia hapo mizizi itakuwa imelikumbatia jiwe.

Ndiyo maana naipenda hii kitu! Huko kwao, kwenye vijito vya Kamerun, Naijeria, Gaboni hadi Kongo, anubiasi zinaota zimeng'ang'ania mawe na magogo, mara nyingi nusu ndani ya maji, nusu nje. Ni mmea wa Afrika huu. Halafu nyingi zinazouzwa zinakuzwa Denmark na Singapore, zinapanda ndege kurudi kwetu. Inaniuma, kwa kweli. Nikipata mtu wa Tanzania au Kenya anayezizalisha kwa wingi, nitamleta hapa hapa mumwone.

Wenye samaki wa Ziwa Nyasa, wale mbuna wanaochimba na kung'oa kila kitu, mmea wenu ni huu. Hauna cha kung'olewa kwenye mchanga, jani lake ni gumu, na maji magumu, yale yenye madini mengi, unayavumilia. Valisneria yenu, ule mmea wa majani marefu unaopandwa mchangani, wanaifukua kabla hamjala chakula cha jioni.

Kuhusu taa, joto na pH (kipimo cha uchachu wa maji) sitawachosha, mmeshasikia. Ila hili moja: usiumwagie mwanga mkali. Jani la anubiasi linakaa muda mrefu na jipya linachukua wiki kadhaa kutoka, kwa hiyo mwani unapata nafasi ya kutulia juu yake. Uweke kwenye kivuli cha mimea mirefu, karibu na mkondo wa filta. Kuongeza gesi ya kaboni dioksidi kwenye maji si lazima. Na vidonge vya mbolea vya kuchomeka kwenye mchanga haviufai, kwa sababu mizizi haiko huko. Tumia mbolea ya maji.

Java feni, mmea mwingine wa tangi, mnaniuliza kila video. Nayo ina rizomu, nayo haifukiwi, na ni rahisi zaidi kwa bei. Inatoa vitoto kwenye majani makuukuu, raha kuvitazama. Lakini majani yake makuukuu yakianza kutoboka, angalia kwanza potasiamu. Vile vivimbe vya kahawia vilivyojipanga chini ya jani ni mbegumbegu zake, acheni kuvikwangua! Bukefalandra, mmea mwingine wa aina hii kutoka Borneo, ni nzuri mno, lakini bei yake… tutaijadili siku nyingine.

Na bei ya hii? Nilipoilipia niliona kubwa. Sasa nikitazama hapa mezani nina vipande viwili vizima kutoka kwenye chungu kimoja, na vyote vitakatika tena vikirefuka. Nabadilisha kauli: nunueni. Ila kabla ya kulipa, ombeni muuzaji aitoe kwenye chungu, mbonyeze rizomu kwa kidole. Akikataa, nendeni duka jingine.

Ule mfululizo wangu wa video za tangi kubwa umesimama kwa sababu taa imekufa, unarudi Jumamosi. Jisajilini msipitwe. Na kama yako iko kwenye changarawe sasa hivi, zima video, kaifukue, halafu niandikie hapo chini rizomu umelikuta gumu au laini.