RAM za mtumba kwa kompyuta ya mezani: soma herufi ya mwisho kwenye lebo

Nyota nne kati ya tano, na hiyo moja iliyokosekana nitaieleza.

Kompyuta yangu ya mezani ni ya enzi za DDR3, kizazi cha tatu cha RAM za DDR, na miaka yote nimeitumia na RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) ya GB 2 tu. Kazi yangu ni kuhariri miswada. Nikifungua faili la kurasa 300, kamusi kwenye kivinjari na barua pepe ya mwandishi anayeuliza nimefika wapi, diski inaanza kukwaruza kama panya kwenye kabati na kishale kinaganda. Nikaagiza RAM mbili zilizotumika, GB 4 kila moja.

Kufunga ni kazi ndogo. Nilichomoa waya wa umeme, nikabonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki ndani uishe, nikashika chuma cha kasha kabla ya kugusa kingine chochote. Vumbi nililolikuta humo sitalisimulia. Unafungua vibanio vya pembeni, RAM ya zamani inainuka yenyewe, unaiweka mpya kwa kufuata ule mkato kwenye ukingo wa pini, kisha unakandamiza kwa vidole gumba mpaka vibanio vilie “tak”. Inataka nguvu kuliko nilivyodhani. Mimi nilifumba macho.

Nikawasha. Feni ikazunguka, skrini giza, kispika kikalia pii, pii, pii. Nikazichomoa, nikasugua pini taratibu kwa kifutio, nikazirudisha. Pii. Nikajaribu moja moja, tundu baada ya tundu. Pii. Nikarudisha ile kuukuu ya GB 2, mashine ikaamka kana kwamba hapakuwa na ugomvi wowote.

Hapo ndipo nikazilaza zote mbili chini ya taa, ya zamani na mpya. Pini 240 huku na huku, mkato mahali pale pale, urefu sawasawa. Ya zamani imeandikwa PC3-12800U. Mpya imeandikwa PC3-12800R. Mimi ninayelipwa kuona nukta iliyokosewa nilikuwa nimeipita hiyo herufi mara tano. U ni RAM ya kompyuta za kawaida. R ni ya seva: ina chipu ya ziada inayopokea amri kwanza kabla ya kuzifikisha kwenye chipu za kumbukumbu, na ubao mama wa kawaida hauelewani nayo. Balaa ni kwamba inaingia kwenye tundu vizuri kabisa. Afadhali yenye S, ya laptopu, maana ile ni fupi na utajua mapema.

Muuzaji kwenye tangazo lake alikuwa ameandika “DDR3, GB 4” basi. Nilipomtumia picha ya lebo hakubishana. Alizipokea akanipa zenye U, ila nilingoja siku tisa. Nyota yangu imekatika hapo.

Jozi ya pili iliwaka mara ya kwanza. Ubao wangu una matundu manne ya rangi mbili, na nimeziweka zote kwenye rangi moja ili zifanye kazi sambamba. Usiku nikaiachia MemTest86, programu ya kupima RAM, izipekue mpaka asubuhi, haikukuta kosa hata moja. RAM za mtumba bila kipimo hicho mimi siziamini.

Kisha mashine ikaniambia ina GB 8 lakini inayotumika ni 3 na kitu. Hilo kosa ni langu mwenyewe: Windows niliyokuwa nayo ni ya biti 32, na hiyo haivuki GB 4 hata ukiijazia matundu yote. Jumamosi nzima ikaishia kwenye kuhamisha mafaili na kuweka ya biti 64.

Sasa muswada, kamusi na kurasa kumi na kitu za kivinjari vinakaa pamoja bila kelele. Kuwaka bado inachukua muda ule ule wa kwenda kuosha uso na kurudi, kwa sababu diski ni ile ile ya kuzunguka, na RAM haina dawa ya hilo. Lakini ikishawaka, kishale kinanifuata. Jana nilisogeza sura nzima kutoka ukurasa wa 40 hadi wa 212, na panya wa kabatini hakutoa hata mkwaruzo.