Maktaba ya nyaraka za viwanda ya UCSF: pita hapa kabla hujampigia simu msemaji wa kampuni

Kama unaandika stori ya sayansi na kuna kampuni itakayopata hasara ukweli ukijulikana, fungua kwanza Industry Documents Library ya Chuo Kikuu cha California, San Francisco. Ni bure, na humo kuna mamilioni ya nyaraka za ndani za kampuni za sigara, zilizotoka kupitia kesi za Marekani na makubaliano ya 1998 kati ya kampuni hizo na majimbo ya huko, halafu wameongeza za dawa, kemikali, vyakula na mafuta.

Kilichonishika mimi ni memo ya 1969 ya kampuni ya sigara ya Brown & Williamson, wameandika waziwazi kwamba shaka ndiyo bidhaa yao. Yaani hawakuhitaji kushinda ubishi, walitaka tu ubishi usiishe! Na vyumba vya habari vikawasaidia, maana tangu 1954 kampuni za sigara zilipolipia tangazo la kutilia shaka kwamba sigara huleta saratani kwenye magazeti zaidi ya 400, watu wao wa uhusiano, Hill & Knowlton, walikuwa wanawafuata wahariri wakidai kila stori ya sigara na saratani iwe na pande mbili, basi mtafiti anapewa aya moja, wa kiwanda naye aya moja, msomaji anabaki anadhani wanasayansi wamegawanyika nusu kwa nusu. Inauma kuzisoma kwa sababu mchezo huu bado unachezwa.

Kutafuta si kazi, andika jina la mtafiti au taasisi, chuja kwa miaka, uone kama kuna barua za malipo. Ila skani nyingine ni chafu na mwandiko wa mkono kompyuta inashindwa kuusoma, kwa hiyo jaribu tahajia tofauti. Na tafadhali msikurupuke na memo moja, soma barua za kabla na za baada yake, tena mtu kulipwa na kiwanda hakumaanishi utafiti wake ni mbovu, lazima uusome wenyewe. Jina lisipoonekana pia usimtangaze msafi, kilichomo humo ni kile tu kilichofichuka.

Mimi naipa nyota tano kati ya tano, hata na skani zake. Wahariri, stori ikija na "mtaalamu huru" ndani yake, muulizeni mwandishi kama hilo jina amelitafuta humu.