Koblenz au Dakar?
Watuhumiwa wa mateso na mauaji ya raia waliokimbilia nje ya nchi yao wahukumiwe wapi: kwenye mahakama ya kawaida ya nchi nyingine, kama ilivyokuwa Koblenz, Ujerumani, au kwenye mahakama maalumu, kama ilivyokuwa Dakar, Senegal?
Anwar Raslan, aliyekuwa ofisa usalama wa Syria na mtuhumiwa wa mateso ya wafungwa, alikamatwa Ujerumani mwaka 2019. Januari 2022 mahakama ya kawaida ya Koblenz ikamfunga maisha. Haraka, ndiyo. Ila kesi iliendeshwa kwa Kijerumani, na Msyria asiyekijua aliyekaa kwenye viti vya wasikilizaji aliambulia patupu.

Hissène Habré, rais wa Chad aliyepinduliwa, alikimbilia Senegal mwaka 1990. Wahanga wa utawala wake walimshtaki huko mwaka 2000, wakapigwa danadana hadi Senegal na Umoja wa Afrika walipounda mahakama maalumu Dakar. Mashahidi wapatao 90 walisikilizwa, na Wachad wakaitazama kesi kwenye televisheni. Mwaka 2016 akafungwa maisha.

Mimi naipa kura Dakar, japo Habré alifariki 2021 fidia iliyoamriwa ikiwa bado haijalipwa.