Dokta aliyesoma kreatinine kwanza (hapa Lubumbashi)

Naandikia wale wenye kuwa na muzee ama mama wa kansa ya figo, na ile figo imebakia nayo imechoka, juu mimi nilitafuta habari ya namna hii siku mingi sikuipata.

Papa yangu walimutosha figo ya kushoto, tukashukuru Mungu, kisha mwaka jana skanere ikaonyesha ugonjwa umefika mu mapafu. Mahali pa kwanza tulienda (jina naacha) walituambia figo haifanye kazi muzuri, dawa ya kansa haiwezekane, mumurudishe nyumbani. Na juu ya maumivu ya mugongo wakamuandikia diklofenake, dawa ya maumivu yenye inaweza kuumiza figo. Diklofenake, kwa mutu wa figo moja! Wiki mbili tu miguu ikavimba.

Kisha tukafika kwa huyu dokta wa hapa Lubumbashi, na kwake ilikuwa ingine. Mbele ya kugusa picha aliomba karatasi ya labo, akasoma kreatinine (takataka ya mu damu yenye figo inapashwa kutosha inje), akapiga hesabu ya vile figo inachuja damu, akaandika mu kaye ya papa na biki nyekundu: 34. Akasema, "Papa, mutu mwenye figo muzuri iko ku 90 na zaidi, weye uko na 34, lakini 34 si kusema hakuna dawa." Njo akatueleza kama sunitinibu na pazopanibu ni dawa za kansa za kumeza, ini njo inazivunja zaidi, figo inazitosha inje kidogo tu, kwa hiyo figo kuchoka peke yake si sababu ya kumunyima mutu. Hata nivolumabu, dawa ingine ya kansa, ile ya kupitisha mu mushipa, hawapunguze dozi juu ya figo, ila inaamsha kinga ya mwili na mara ingine kinga inageukia figo yenyewe, tena bei yake sisi hatungeweza. Hakutuficha kama majaribio mingi ya hizi dawa yaliacha inje wagonjwa wa figo zaifu, njo maana papa lazima afuatwe karibu karibu.

Tukaanza sunitinibu 50 mg kila siku, wiki 4, kisha kupumuzika wiki 2. Wiki ya tatu ngozi ya nyayo ikaanza kupasuka, papa anatembea juu ya visigino, mama anamupakala vazelini kila mangaribi, na tansio ikapanda mupaka 170. Nilipiga simu siku ya mungu, wakaitika! Wakaongeza dawa ya tansio, na tour ya pili (wiki 4 zingine za dawa) wakashusha sunitinibu ku 37,5 mg. Kila tour wanapima proteini mu mikojo na kreatinine, na skanere wanafanya bila ile dawa ya kuchoma mu mushipa, juu inaweza kuumiza figo.

Mabaya nayo iko kule. Unafika saa moja ya asubuhi unaingia saa sita, mabenchi ni ya mbao, mugonjwa wa mugongo anateseka. Vidonge hawana, siye tunaagiza kwa shemeji ku Afrika Kusini. Na kipimo cha tezi ya shingo walisahau, papa alikuwa anasikia baridi na kulala kila saa, mupaka siye wenyewe tukauliza, kumbe sunitinibu inaweza kuilegeza ile tezi.

Skanere ya mwezi uliopita: madoa ya mapafu hayakuongezeka, kreatinine iko palepale, papa amerudia kwenda misa na miguu yake. Mukienda kule mubebe karatasi zote za labo hata za zamani, ataziomba moja moja.