Kuruka na parachuti mara ya kwanza: Diani au Dubai?

Hili swali haliishi kwenye magrupu, kwa hiyo tuliongee tu.

Kwa hela, Diani inashinda mbali. Dubai tandem (kuruka ukiwa umefungwa pamoja na mwalimu) ya pale Palm, kile kisiwa cha kutengenezwa chenye umbo la mtende, peke yake inavuka dirham 2,000, bado visa, tiketi na hoteli. Diani, pwani ya kusini ya Kenya, ukitokea Nairobi unapanda treni ya SGR hadi Mombasa, unavuka feri Likoni, matatu ya Ukunda, umefika.

Dubai wanakutoa futi kama 13,000, unaanguka dakika moja hivi kwa spidi ya karibu kilomita 200 kwa saa, chini kuna ule mtende wa kutengenezwa, picha zake balaa. Diani unaona miamba ya matumbawe na bahari inavyobadilika rangi halafu unatua mchangani kabisa, na kwangu mimi hapo Dubai haifikii, samahanini.

Hali ya hewa sasa, Diani masika ya Aprili na Mei mawingu yanaweza kukuharibia siku, weka siku za akiba. Dubai mvua ni nadra ila kiangazi joto lake we acha tu.

Woga ni uleule kote: mwalimu anakufunga mikanda kifuani mwake, mlango unafunguliwa, upepo unakupiga usoni, miguu inaning'inia nje. Wakati wa kutua inua miguu juu, usijaribu kukimbia.

Kama uko Gulf kikazi, ruka hukohuko. Ukiwa Nairobi au Dar na bajeti ya kubana, Diani.