Mipira ya vespa kwenye tope la masika: nilianguka, nikakwangua, nikaagiza K58

Naishi Wete, Pemba, na nasomesha kijijini, kilomita kumi na moja kwenda na kumi na moja kurudi. Saba za mwanzo lami. Nne zilizobaki ni udongo mwekundu unaopanda kilima, ukashuka bonde la mpunga, ukapanda tena baina ya mikarafuu. Kiangazi ni vumbi tu. Aprili, udongo ule ule ukinyeshewa usiku mmoja unateleza kama sabuni iliyosahauliwa ndani ya ndoo, na gari za ng'ombe zimeshachimba mifereji miwili ambayo gurudumu la inchi 10 likiingia, halitoki mpaka litake lenyewe.

Chombo changu ni Honda Activa ya rimu ndogo mbele na nyuma. Huku kwetu hiyo ni vespa. Kila chenye pa kuwekea miguu ni vespa, na sitabishana na kisiwa kizima.

Mipira niliyoikuta nayo ilikuwa ya mjini, michirizi myembamba, kwenye lami sina neno nayo. Iliniangusha bondeni, mbele ya wanafunzi wangu, na madaftari 43 ya darasa la sita yakaogelea. Sikuumia. Lakini nilijifunza hapo kitu ambacho kabla sikukifikiria: mpira wa nyuma ukiteleza, vespa inatikisa mkia, unatoa mguu, unaendelea. Wa mbele ukiteleza, huna hata muda wa kusema bismillahi. Na sote tunafanya kinyume, mpira mpya tunauweka nyuma kwa kuwa ndiko unakokwisha haraka, na kile kipara tunakihamishia mbele kimalizikie huko.

Nikaenda dukani, nikauziwa mipira ya meno makubwa yaliyokatwa vipande kama kashata, elfu hamsini na tano mmoja. "Hii ya shamba, mwalimu," muuzaji akaniambia, "hii inapanda mnazi." Siku ya mvua ya kwanza ilipanda kweli, labda hatua mia mbili. Halafu tope likajaa baina ya meno na halikutoka. Gurudumu likawa donge. Donge likapanda na kujibana ndani ya madigadi, ambayo kwenye vespa yangu imekaa chini na imefunika, si kama ya pikipiki, na gurudumu la mbele likasimama kabisa kana kwamba mtu kashika breki. Nikakata kijiti cha mkarafuu, nikainama na baibui langu, nikakwangua. Mara tatu ndani ya kilomita nne.

Jioni nikaona kishale kidogo ubavuni mwa mpira kinachoonesha upande wa kuzunguka. Kilikuwa kinatazama nyuma. Nikarudi kwa fundi.

"Mwalimu, mpira ni mviringo. Mviringo hauna mbele wala nyuma."

Nikamwonesha kishale. Akakitazama kwa muda, akakifuta kwa kidole kama anayedhani ni uchafu, kisha akachukua spana bila kusema neno. Alipougeuza tope lilipungua kidogo, ila kijiti sikukitupa. Na kwenye lami iliyolowa mipira ile ilikuwa migumu, inateleza na inavuma kama mashine ya kusaga. Niliivumilia masika moja.

Hii niliyonayo sasa ni Heidenau K58, inatoka Ujerumani, Heidenau ukiwa mji mdogo jirani na Dresden. Shemeji yangu anaishi huko, akaniletea miwili ndani ya sanduku la safari, na matundu yake kayajaza nguo za watoto ili nafasi isipotee. Nilimtumia saizi 90/100-10 iliyoandikwa kwenye mipira ya zamani, akajibu kwamba anaona 3.50-10. Ni kitu kimoja kwa kadiri ya vespa yangu: ya kwanza inahesabu upana kwa milimita, ya pili kwa inchi, na inchi tatu na nusu ni milimita 89. Ubavuni imeandikwa 59M. Hiyo 59 ni namba ya uzito unaoweza kubebwa, kilo 243 kwa mpira mmoja. Mipira ya zamani ilikuwa 53, yaani kilo 206, na mimi nikipakia polo la karafuu za mama tofauti naiona. M ni spidi ya kilomita 130 kwa saa, jambo ambalo mimi na Activa hatutalijua.

Aliniuliza kama nataka ya kawaida au ile ya theluji, SnowTex, yenye alama ya M+S. Alama hiyo ni matope na theluji, na mtu wa tope kama mimi angeruka kuichukua. Nikakataa. Mpira wa theluji unachanganywa laini ili usikakamae kwenye baridi ya chini ya nyuzi 7, na Wete nyuzi 7 zipo kwenye friji. Kwenye lami ya mchana wetu ungelika kama kifutio. Wajerumani wakisema mpira ni wa "misimu yote", wanahesabu na baridi kali. Misimu yetu ni masika, kipupwe, vuli na kiangazi, na yote ni joto au mvua au vyote viwili.

Nimepita na K58 ya kawaida masika mbili. Mifereji yake inatoka mpaka ukingoni, tope linasukumwa nje na linarushwa. Baibui linajua hilo, madigadi haijui. Kwenye lami ya mvua ndiko inakonifurahisha zaidi, nafunga breki pale njia panda bila kushika roho. Bondeni, tope likifika kwenye rimu, nashuka nasukuma kama zamani. Sijaona mpira wa inchi 10 wa kuvuka pale.

Kitu kimoja kilinitesa wiki ya kwanza na hakikuwa mpira. Yule yule fundi aliujaza upepo mpaka ukawa unalia kama ngoma ukiupiga ngumi, psi 40 (kipimo cha upepo) mbele na nyuma. Ukiwa mgumu hivyo unaelea juu ya tope, haushiki. Kitabu cha vespa yangu kinasema 22 mbele na 29 nyuma nikiwa peke yangu. Sasa nina geji yangu ndogo, naiweka chini ya siti pamoja na kijiti, maana kijiti nimekizoea.

Soma na tarakimu nne za ubavuni kabla hujalipa: 2321 ni wiki ya 23 ya mwaka 2021. Niliwahi kuuziwa "mpya" iliyokaa dukani kuliko mwanangu alivyokaa duniani.

Meno ya nyuma yamebaki milimita tatu, ya mbele bado. Shemeji anakuja Disemba, nimeshamwambia aache nafasi kwenye sanduku.