Stika ya "kuzuia mionzi" ya simu: nimeijaribu, tazama kabla hujanunua

Hii hapa, iangalieni vizuri. Kistika cha duara, rangi ya dhahabu, ukubwa wa sarafu. Nimekinunua Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, shilingi 5,000. Kwenye pakti wameandika kinazuia mionzi ya simu kwa asilimia 99. Mama yangu mkubwa kule Mbagala ameshabandika vitatu, kimoja kwenye simu yake na viwili kwenye simu za wajukuu. Hiyo ni 15,000, na yeye anauza vitumbua. Ndiyo maana nimekaa kurekodi hii video.

Jaribio langu ni dogo, hata wewe utaliweza hapo nyumbani. Simu inaongea na mnara kwa mionzi hiyohiyo tunayoiogopa. Ukiizuia kweli, simu haishiki mtandao. Angalia: naifunga simu kwa foili ya jikoni, mikunjo mitatu, halafu naipigia. Mnasikia? "Namba unayopiga haipatikani kwa sasa." Foili imezuia. Sasa naitoa foili, nabandika stika, naipigia tena... inaita, na alama za mtandao ziko zilezile. Asilimia 99 imezuiwa wapi?

FTC, tume ya Marekani inayolinda wanunuzi, imeshaonya kuhusu vifaa hivi: hakuna ushahidi kwamba vinafanya kazi, maana simu nzima inatoa mionzi, siyo kile kipande ulichofunika. Tena kikivuruga mtandao, simu inaongeza nguvu kuutafuta mnara, na mionzi inapanda. Hapo ndipo roho inaniuma, kwa sababu mtu amelipa apate kinga.

Sasa, hofu yenyewe haikuzuka hewani, na sitaki kumcheka mtu. Mwaka 2011, IARC, taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani, iliiweka mionzi hii kundi la 2B, yaani "huenda" inasababisha saratani. Sababu mojawapo ni utafiti wa Interphone, uliofanyika nchi 13. Walioongea na simu kupita wote, kuanzia saa 1,640 kwa jumla, walionekana kuwa na uvimbe wa ubongo aina ya glioma kwa wingi zaidi. Lakini watafiti wenyewe walisema hawawezi kulihesabu hilo kama uthibitisho: walikuwa wanawauliza wagonjwa wakumbuke simu walizopiga miaka mingi nyuma. Wewe unakumbuka uliongea dakika ngapi mwaka juzi? Na kwenye kundi hilohilo la 2B yamo hata maji yanayokamuliwa kutoka jani zima la alovera.

Mwaka 2024 ukatoka uchambuzi mkubwa ulioagizwa na Shirika la Afya Duniani, tafiti 63 zikiwekwa pamoja. Haukukuta uhusiano kati ya simu na saratani ya ubongo, hata kwa waliotumia zaidi ya miaka kumi. Mionzi ya simu haina nguvu ya kuvunja vinasaba kama eksirei. Kinachojulikana ni kwamba inapasha mwili joto kidogo sana, na viwango vimewekwa kwa ajili hiyo. Ulaya mwisho ni wati 2 kwa kila kilo ya mwili, upande wa kichwa. Bonyeza *#07#, simu nyingi zitakuonyesha kiwango chake.

Bado una wasiwasi? Sawa, ni haki yako. Weka spika, au tumia waya wa masikioni. Simu ikisogea kidogo tu kutoka kichwani, mionzi inayokufikia inapungua sana. Na pale mtandao unaposhika kwa shida, usiongee kwa muda mrefu, maana simu inatumia nguvu nyingi. Haya yote ni bure, ukiwa tayari na waya wako.

Stika hii naipa sifuri. Msinunue.

Mama mkubwa, shikamoo. Jumapili nakuja, tutazibandua zote tatu, na hapohapo nitakuonyesha pa kubonyeza spika.